Turubai la Wafiwa

“Mulifiwa na nani?”

Papa Anaclet, mkubwa wa mambo ya jamii pale komine, yaani ofisi ya manispaa, aliuliza macho yakiwa kwenye simu. Colombe alikuwa amesimama mbele ya meza yake tangu ofisi ifunguliwe, mtoto mgongoni, tope la mlimani limemkaukia hadi magotini.

“Hatukufiwa, papa. Nyumba njo ilienda. Mulima ilishuka, ikabeba yote. Siye tulikuwa ku misa ya kwanza.”

“Bote?”

“Bote. Bwana yangu, mama mukwe, na huyu mutoto. Mungu alituokoa.”

“Ah, basi, maman! Kama Mungu alisha kufanya kazi, komine itafanya nini tena?”

Mlinzi wa mlangoni akacheka. Nyuma ya Papa Anaclet maturubai ya buluu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, kamba za kiwandani hazijakatwa, na mlinzi mwenyewe alikuwa amekalia moja. Wafadhili walikuwa wameyaleta kwa ajili ya watu walioporomokewa na milima, na watu wenyewe ndio hao waliojaa kwenye foleni mpaka nje barabarani. Lakini maelekezo yaliyotoka juu yalisema msaada uanze na familia zilizofiwa, na Papa Anaclet alikuwa mtu wa kusoma sentensi ya kwanza na kuikunja karatasi. Wakubwa wa komine walikuwa wamebadilishwa, hata picha ya ukutani ilibadilishwa. Yeye alibaki na kiti chake, maana katika maisha yake ya kazi hakuwahi kufanya jambo ambalo hakuagizwa.

“Papa, mutoto anakohoa.” Colombe aligeuka amwonyeshe Sagesse, aliyekuwa amelegeza shingo kwenye kitenge. “Ku centre de santé walisema iko mapafu. Dawa anakunywa, lakini walisema asilowe tena. Tunalala ku baraza ya jirani, mvua inatupiga kwa upande. Bâche moja tu, papa. Hata ile anaikalia huyu papa wa mulango.”

“Maman, unanisikia ao hunisikii? Bâche iko ya wafiwa. Nikikupatia wewe ambaye uko na batu bako bote, nitamuambia nini mwenye alifiwa? Enda, ushukuru Mungu. Mwenye anafuata!”

Colombe akaenda, angefanya nini? Kwenye ngazi alijikuta anasema peke yake kama kichaa. Tangu Jumapili alikuwa anamshukuru Mungu, ameshukuru mpaka midomo imekauka, na sasa anaambiwa kwamba kule kupona ndiko kosa lake.

Alipofika kwenye kiwanja chao, kama bado kiliitwa kiwanja, alimkuta mumewe Placide anavuta ubao mmoja kutoka kwenye tope, na kando yake kijana mwenye buti za mpira na kofia ya huduma ya usafi. Kijana aliitwa Gentil. Mitaa ya chini ilikuwa na kipindupindu, kwa hiyo huduma ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, na asiye na choo alikatiwa faini.

“Ninauliza, choo yenu iko wapi?” Gentil alikuwa anasema.

Placide, mtu wa maneno machache siku zote, alinyoosha mkono bondeni. “Unaona ile bati nyekundu? Nyuma yake. Ilifuatana na nyumba.”

“Kwa hiyo mu parcelle, mu kiwanja yenu, hamuna choo.”

“Mu parcelle hamuna parcelle!” Colombe alipaza sauti mpaka mtoto akashtuka. “Angalia basi! Tulale wapi, tupikie wapi, na weye unatafuta fasi tunaendaka choo?”

“Maman, usinikasirikie miye. Kipindupindu haiulizi kama nyumba ilianguka. Muchimbe ingine. Nitarudia, na siku ile nitaandika amende.”

Aliondoka akiruka madimbwi. Nyumba iliyofuata, ambayo nayo ilikuwa imepoteza nusu ya ukuta, akaipita bila kusimama. Colombe akamfokea kwa nyuma: mbona wale hawakagui? Gentil aligeuka, akaonekana kweli ameumizwa na swali.

“Pale kuko kilio, maman. Batoto babili. Fasi ya kilio hatuandikake amende. Siye pia tuko batu.”

Mama yake Placide alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, akichambua maharagwe waliyoyaokoa, tope huku, harage huku. Jina lake lilikuwa Sikujua, lakini mtaa mzima ulimwita Koko, yaani bibi; tangu Jumapili alikuwa analala parokiani, na majirani walikuwa hawajamwona tangu mlima uporomoke. Aliacha kuchambua.

“Basi nife,” alisema.

“Mama!” Placide aliachia ubao.

“Nini? Hamusikie? Leta yetu, hii serikali, inapenda maiti. Batu bazima banaichokesha. Muende museme nilifia mu nyumba. Nitapanda ku Nyangezi kwa mudogo wangu, nikae kule mpaka mupate bâche. Kisha nitafufuka, kwani nani ataniuliza?”

“Acha kuchezea kifo, mama.”

“Miye njo ninachezea kifo? Sikiliza ile kifua ya mutoto, kisha uniambie nani anachezea.”

Colombe alikataa. Alisema Mungu hapendi, alisema watu watajua, alisema hawezi kulia kilio cha uongo. Mvua ikaja mchana uleule, ile mvua ya Bukavu isiyokuwa na haya, inayoingia hata pale ulipojificha. Baraza la Maman Lydie, jirani aliyewapokea, lilikuwa na paa la bati fupi, na upepo ulipogeuka Colombe alimbana mtoto kati ya tumbo lake na ukuta, mgongo wake ukipokea maji yote. Haikusaidia. Kitambaa cha mtoto kililowa, na baadaye alipomfunua aliona ngozi ya katikati ya mbavu inazama ndani kila akivuta pumzi. Lydie alileta kanga yake kavu bila kuombwa, akasema tu, “Pole, mama. Ndani tuko banane, ningekuingiza.”

Kesho yake alfajiri Koko alijifunga kitenge chake kibovu, akapanda lori la muhogo kurudi Nyangezi. Colombe akashika njia ya komine.

Kulia hakukumpa shida hata kidogo. Alipofungua mdomo tu mbele ya ile meza, machozi yalikuja yenyewe, ya hasira, ya mgongo ulioloa, ya mtoto. Alisema Koko alitoka misa kabla ya kwisha, akarudi nyumbani kuwasha moto, na wao walikuwa wanamfikiria yuko kwa ndugu, kumbe.

Papa Anaclet alisimama. Kweli, alisimama! Akaweka simu chini, akamwondoa mlinzi kwenye kiti, akamkalisha Colombe.

“Pole sana, maman yangu. Pole sana. Unaona sasa? Jana ungeliniambia vile, tungelielewana.”

“Bâche, papa.”

“Utapata. Sanduku ya kuzikia utapata, bâche utapata. Lakini itatolewa siku ya maziko, mukubwa wa komine mwenyewe njo atakupatia ku mukono, banapiga picha. Tangazo litapita ku radio leo.” Akainamisha kichwa kwa huruma. “Mwili mulisha kuupata?”

“Bado.”

“Usijali. Batautafuta.”

Hilo Colombe hakuwa amelifikiria. Wala Koko, kwa ujanja wake wote, hakuwa amelifikiria. Alipofika nyumbani alikuta mkuu wa avenue, yaani mtaa wao, Papa Patrice, amepigiwa simu na komine na amekwisha kupiga filimbi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na wanaume wote wenye majembe na makoleo wako kwenye tope mpaka mapajani. Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa wanamtafuta Koko.

Thierry, mume wa Lydie, ndiye aliyechimba mbele ya wote. Miaka yote alikuwa akitaniwa na Koko kwamba ana miguu ya bata, na sasa anachimba huku anajifuta macho kwa kiwiko. Placide naye alichimba, angekaaje? Alichimba pale alipojua hakuna kitu, akitupa tope kwa nguvu, hamtazami mtu. Koleo lake likagonga chuma. Lilikuwa sufuria la Koko, lile lenye sikio moja, na Lydie alipoliona akapiga yowe, na wanawake wote wa mtaa wakapokea. Placide alibaki amelishika, mdomo wazi. Watu wakamwambia lia, papa, lia, mwanaume pia analia.

Colombe alimsogelea, akamnong'oneza. “Tuseme. Placide, tuseme sasa. Hii mulima inaweza shuka tena juu ya batu.”

“Bâche iko kesho kutwa.”

“Na mutu akiumia?”

Kelele zikapigwa upande wa pili. Thierry alikuwa amekanyaga msumari uliopita kwenye sandali mpaka katikati ya wayo. Walimbeba mabegani, naye akipita mbele ya Colombe akasema, “Usijali, maman, kesho nitarudilia. Tutamupata tu.” Colombe angependa mlima ummeze pale aliposimama.

Papa Patrice akasimamisha kazi. Komine ilisema basi, wafiwa wazike bila mwili, waweke nguo ya marehemu kwenye sanduku. Colombe aliweka kitenge kizuri cha Koko, kile cha Pasaka, ambacho tope lilikuwa limekirudisha lenyewe, na lile sufuria.

Maziko yalifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Majeneza matatu: mawili madogo ya watoto wa jirani na moja refu la Koko, jipya, la mbao nzuri kuliko mbao zozote zilizowahi kuingia kwenye nyumba ya Placide. Mama wa wale watoto alikuwa hana sauti tena. Alikaa chini, mikono imefunguka mapajani. Colombe hakuweza kumtazama. Alikaza macho kwenye maturubai mawili yaliyokuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na mgongoni Sagesse alikuwa anahema kwa haraka, kama anayekimbia.

Mkubwa wa komine alihutubia. Alisema mamlaka hazilali, mamlaka ziko karibu na raia. Alisema watu waache kujenga kwenye miteremko, kana kwamba kuna aliyejenga huko kwa kupenda upepo. Kisha wapiga picha wakasogea, na jina la Colombe likaitwa, na turubai likawekwa mikononi mwake. Lilikuwa zito, gumu, lina harufu ya kiwandani. Alilikumbatia. Aliambiwa atazame kamera, akatazama.

Hapo ndipo watu wa upande wa barabara walipoanza kukimbia.

Koko Sikujua alikuwa anashuka kwenye ngazi za shule, mzima, na kitenge chake kibovu, amebeba mfuko wa maharagwe kichwani. Wanawake walipiga kelele. Padri alifanya ishara ya msalaba. Lydie alikuwa karibu kuanguka, akashikilia nguzo.

“Munakimbia nini?” Koko aliuliza. Alifika mpaka mbele ya meza, akatua mfuko. “Papa Anaclet ni nani hapa? Ni weye? Radio yako ilinitangaza mpaka Nyangezi. Unajua balifanya nini kule? Baliwasha moto wa matanga mu lupango, mu kiwanja ya mudogo wangu. Batu balileta maharagi, hii miezi ya njaa, batu bamenyima batoto babo juu yangu. Na miye nimefichwa mu jikoni, nasikia bananililia, na mudogo wangu ananiletea sahani. Nikule maharagi ya matanga yangu mwenyewe? Nilishindwa! Haki ya Mungu nilishindwa. Nimebarudishia ile niliweza, hii ilibakia. Na sikiliza vizuri: sitakufa tena juu ya Leta. Akitaka, akufe yeye.”

Papa Anaclet alikuwa wa kwanza kupata akili, na akili yake ilienda moja kwa moja kwenye turubai. Alizunguka meza, akalishika.

“Rudisha.”

“Papa, mutoto—”

“Rudisha, maman! Munaibia wafiwa!”

Walivutana. Mbele ya shule nzima, mbele ya kamera, mtu mzima mwenye tai anavutana turubai na mama mwenye mtoto mgongoni. Colombe aliliachia kwa sababu mtoto alianza kukohoa, si kwa sababu aliona haya. Haya ilikuwa imeisha.

“Mbele nilikuambia ukweli,” alisema. “Nilikuambia tuko bazima, ukanifukuza. Nilipokudanganya ulinipatia kiti. Papa Anaclet, unatuazibu juu nini? Juu hatukufa?”

Papa Anaclet alikuwa anasoma karatasi yake. Placide akauliza kwa ukali kama komine inataka na jeneza pia, si walibebe basi.

“Sanduku ilisha kutoka,” alisema Anaclet. “Ikitoka imetumika. Haina kurudi mu depot.”

“Basi tutaifanya nini?”

“Hiyo si shida ya komine.”

Lakini komine haikumuumiza Colombe kama Lydie. Lydie alitangulia nyumbani, na wao walipofika, vitu vyao vilikuwa vimepangwa vizuri nje ya baraza: jerikani, sufuria, dawa ya mtoto juu yake isichafuke. Kwenye kizingiti alikaa Thierry, mguu umefungwa kitambaa.

“Nilikulilia, Koko,” alisema. “Na mi nilikulilia kweli.”

Koko aliuacha mfuko wa maharagwe miguuni pa Thierry, akageuka.

Walirudi kwenye kiwanja chao, jeneza limebebwa na Placide mbele na Papa Patrice nyuma. Papa Patrice alilitua, akasema ana kazi, akaondoka bila kuaga. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima. Placide alikimbia mtaani kuomba hata kipande cha plastiki, lakini nani angempa siku ile?

Tone la kwanza likaanguka kwenye mfuniko, likatoa sauti. Colombe alitazama huku na huku. Ubao mmoja mbovu, tope, anga. Na jeneza.

“Hapana,” alisema kabla mtu hajasema. “Mutoto wangu haingii mule. Hata kama. Ni kumuita kifo kwa jina.”

“Nani alisema mutoto?” Koko alikuwa ameshauondoa mfuniko, anatoa sufuria, anakunjua kitenge cha Pasaka. “Hii sanduku ilitolewa kwa jina yangu. Ni yangu. Miye njo nitalala mule. Na kama niko nalala na mujukuu wangu juu ya kifua, nani atanikataza? Leta mutoto. Leta, mvua inakuja!”

Akaingia, kwa shida, magoti yakilia, akalala chali kwenye mbao mpya na kujifunika kitenge. Colombe alisimama na mtoto mikononi. Mvua ikaanza kweli. Alimbusu Sagesse utosini, akamlaza juu ya kifua cha bibi yake, akaburuta mfuniko juu yao, upande mmoja akauegemeza kwenye tofali hewa iingie. Mwenyewe akachuchumaa pembeni, mkono mmoja kwenye ufa ule, maji yanamtiririka usoni na kwenye mgongo. Alilia sasa. Alilia kilio ambacho juzi alikuwa amekitumia bure.

Buti za mpira zilisimama mbele yake. Gentil, na mwavuli.

“Maman, nilisema nitarudia juu ya ile ch—”

Aliliona jeneza. Huyu alikuwa ametoka kukagua upande wa pili wa mlima, habari za shuleni hazikuwa zimemfikia. Alivua kofia yake, mvua ikampiga kichwani.

“Oh. Pole, maman. Sikujua. Nani alifariki?”

Colombe alimtazama. Vidole vyake vilikuwa ndani ya ufa, na kwenye vidole hivyo alisikia pumzi mbili, moja nzito na moja ndogo, ya moto, lakini iliyotulia. Aliingoja sauti ya Koko. Aliingoja imtukane yule kijana, imwambie mimi hapa, sijafa, sitakufa tena. Ndani ya jeneza kulikuwa kimya kabisa.

“Mama mukwe wangu,” alisema Colombe.

Gentil alifunga kile kitabu chake cha faini, akakitia chini ya koti. Alisimama kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akasema Mungu ampokee, kisha akashuka taratibu kwenye tope, kofia bado mkononi.

“Alisha kwenda?” sauti iliuliza kutoka chini ya mfuniko.

“Alisha kwenda, mama.”

“Basi vuta kidogo hii mufuniko. Maji inaingia kwa upande wa mutoto.”